Namna ya kuanzisha njia ya miti mikongwe Mtwara na Lindi

Wengi wanaotaka kuwaonyesha watu miti mikongwe ya kwao huanza na vibao. Hela ikipatikana, fundi anaitwa na vibao vinachorwa. Siku ya kuvisimika ndipo inajulikana kwamba mbuyu namba tatu umo katika shamba la mtu ambaye hakuulizwa, na namba sita ni mti wa tambiko. Kazi inakwama, na hela imeshaliwa. Mpangilio unaofaa ni watu kwanza, kisha miti, kisha njia, na vibao mwisho kabisa. Maelezo haya yanahusu njia fupi ya kutembea kwa miguu, mjini au kijijini, yenye miti minane hadi kumi. Anayetaka njia ya miti thelathini afanye kwanza ya miti minane.

Mti una mwenyewe

Pwani hii ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine. Babu alipanda mwembe, baadaye shamba likauzwa, mwembe ukabaki kwa watoto na wajukuu, na kila msimu wanakuja kuchuma. Kwa hiyo usiridhike na jibu la mwenye shamba. Uliza mambo mawili mbalimbali: shamba la nani, na mti wa nani. Mti ukiwa na wanaouchuma, wanaokaa chini yake na kuuza samaki au wanaokutana hapo Ijumaa, nao wana kauli.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, upite kwa mtendaji, kisha uende kwa wazee. Usifike na daftari mkononi. Salamu kwanza, halafu habari za mti kabla ya habari za wageni: "Shikamoo mzee. Tumekuja kuuliza habari za ule mkwaju wa pale kisimani. Wenyewe ni akina nani?" Ukianza na "tunataka kuleta watalii", mazungumzo yote yatakuwa ya hela, na historia ya mti hutaipata tena kwa mtu huyo. Hela ziongelewe mara ya pili au ya tatu, lakini ziongelewe wazi.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja inatosha: mti upi na uko wapi, njia itapita wapi na kwa upana gani, wageni watakuja siku zipi na saa zipi, mwenye mti anapata nini, na matunda ni marufuku kuguswa. Weka pia kifungu kwamba mwenye mti anaweza kujitoa kwa taarifa ya siku 30. Wengine huogopa kifungu hiki, lakini ndicho kinachowafanya watu wasaini bila wasiwasi. Saini ziwe za pande zote, mashahidi wawili, na muhuri wa ofisi ya mtaa au kijiji. Kijijini jambo lipelekwe pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida huitishwa kila miezi mitatu. Ukikosa mmoja, kazi imesogea robo mwaka, kwa hiyo omba mapema liingizwe kwenye ajenda.

Juu ya hapo kuna ofisi, na hutegemea mti uko wapi. Ndani ya msitu wa hifadhi wa serikali kuu, barua iende Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Msitu wa halmashauri au wa kijiji, kwa afisa maliasili wa wilaya. Kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1981, hakuna kuchimba hata shimo la nguzo bila ruhusa ya wasimamizi wa magofu. Kando ya barabara kuna jambo ambalo watu hulisahau: hifadhi ya barabara kuu ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mti ulio ndani ya hapo unaweza kukatwa barabara ikipanuliwa, na kibao chako kitaondoka nao. Ulizeni wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, kabla ya kuuweka kwenye orodha. Tazama pia juu: mti ulio chini ya nyaya za umeme utapunguzwa matawi kila baada ya muda, na si kwa namna utakayoipenda.

Miti ya tambiko inataka adabu zaidi. Dalili zake zinaonekana: vitambaa vilivyofungwa, unga uliomwagwa, sarafu, vyungu vya zamani kwenye mizizi. Mwenye tambiko akikataa, futa mti huo kwenye orodha, kwenye ramani na kwenye simu zote, kisha usiutaje tena. Akikubali, masharti yake ndiyo sheria ya hapo, iwe ni kuvua viatu, kutopiga picha au kutokwenda siku fulani. Vivyo hivyo kwa maeneo ya jando na unyago. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wana sehemu zao, na shughuli hufanyika kiangazi baada ya mavuno, wakati uleule ambao njia yako ni kavu na wageni ni wengi. Panga njia ipite mbali nazo kabisa. Kuizungusha kwa muda kila mwaka haitoshi, maana kuna mwaka mtu atasahau.

Kutafuta miti

Usizunguke porini ukibahatisha. Waulize wanaojua miti kwa kazi zao: warina asali, mafundi wa mitumbwi, waganga wa mitishamba, na kina mama wanaookota ubuyu na ukwaju. Fundi wa mitumbwi anajua kila mwembe mnene wa eneo lake, na pengine ameshaukadiria ni mtumbwi wa urefu gani. Kusanya majina ya miti 30 hadi 40 ili upate kumi. Nusu itaanguka kwa sababu ya umiliki, umbali au ubovu.

Utakutana zaidi na mibuyu, miembe, mikwaju na misufi, na ndani ya misitu mivule, mikongo, mininga na mipingo. Usichague kwa unene peke yake. Mibuyu minane mfululizo humchosha mgeni, hata kila mmoja ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia. Changanya: mbuyu wenye pango shinani, mkwaju wa barazani, mkorosho wa zamani uliolala na matawi yaliyoota mizizi yalipogusa ardhi, msufi wenye mizizi ya mbao kama kuta. Mkorosho haufikishi umri wa mbuyu hata kidogo, lakini bila huo hadithi ya mikoa hii ina pengo: Wareno waliuleta Afrika Mashariki katika karne ya 16, na leo ndio unaolisha kaya nyingi kusini.

Angalia pia miembe mikubwa iliyosimama kwa safu katikati ya pori lisilo na nyumba. Hapo mara nyingi ni mahame. Watu walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, nyumba za udongo zikabomoka, miembe ikabaki. Mahame moja kwenye njia yako lina mazungumzo mengi kuliko mti mnene usio na habari, na mara nyingi kuna mtu mzima karibu anayeweza kuonyesha nyumba ya nani ilikuwa wapi. Angalia tu usikanyage makaburi. Muulize yeye kwanza yako upande gani.

Onyo kuhusu mbao za thamani. Mpingo mnene, mninga au mkongo ukishauwekea alama kwenye ramani ya mtandaoni, umewarahisishia wavunaji haramu kazi. Miti hiyo iwekwe kwenye njia kwa kupelekwa na mwongozaji tu, bila namba ya ramani na bila kibao kinachoonekana barabarani. Mbuyu hauna mbao, hivyo huo unaweza kutangazwa.

Kupima

Vifaa ni vichache: futi ndefu ya meta 30 kama ya wapima viwanja, fimbo iliyokatwa meta 1.3 kamili, daftari, penseli na simu. Futi ya fundi seremala ya meta 5 haizunguki mbuyu, na kuiunganisha mara tatu huleta makosa. Ukikosa futi ndefu tumia kamba ya katani kisha uipime chini. Kamba ya nailoni inavutika, usiitumie.

Mzingo hupimwa kwenye kimo cha meta 1.3 kutoka ardhini. Simamisha fimbo pande tatu au nne za shina, weka alama kwa chaki, kisha pitisha futi juu ya alama zote. Wanatakiwa watu watatu, mmoja ashike mwanzo, mmoja azunguke na futi, wa tatu arudi nyuma na kuangalia kama futi imelala sawa. Kosa kubwa liko hapa. Futi ikipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, namba inakuwa kubwa kuliko ukweli, na kila anayepima ana hamu ya namba kubwa. Pima mara mbili. Tofauti ikizidi sentimeta 10 kwenye mti wa mzingo wa meta 10, rudieni. Ukitaka kipenyo, gawanya mzingo kwa 3.14. Mti uliogawanyika chini ya meta 1.3 hupimwa sehemu nyembamba kabisa chini ya mgawanyiko, na uandike kimo ulichopimia. Kwenye mteremko, kimo huhesabiwa kutoka upande wa juu.

Mbuyu una tabia yake. Shina lake limejaa maji, hunenepa mvua zikinyesha na kupungua kiangazi kikikaza. Ndiyo maana mibuyu yote ipimwe mwezi mmoja, na Oktoba unafaa. Mwaka unaofuata upime Oktoba tena. Ukilinganisha kipimo cha Machi na cha Oktoba utadhani mti umesinyaa.

Kimo hupatikana kwa fimbo. Kata fimbo iliyonyooka, nyoosha mkono, na ishike wima ili sehemu iliyo juu ya ngumi yako iwe na urefu sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ngumi. Rudi nyuma mpaka ngumi ionekane imegusa kitako cha mti na ncha ya fimbo imegusa kilele. Umbali kutoka uliposimama hadi shinani ndio kimo cha mti. Ardhi iwe tambarare, la sivyo kipimo hakifai.

Mahali mti ulipo huchukuliwa kwa simu. Simama wazi kidogo, kando ya kivuli, subiri dakika moja au mbili namba zitulie, na andika tarakimu tano baada ya nukta. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa. Mikindani iko karibu na -10.28, 40.12. Ukisahau alama hiyo, mti wako umehamia Ethiopia. Ukizipindua namba, uko baharini magharibi ya Ureno. Makosa haya mawili yapo karibu katika kila orodha inayokusanywa na watu wengi, basi zifungue namba zote kwenye ramani moja kabla ya kuchapa chochote.

Umri, na maneno ya kuepuka

Karibu kila mbuyu mkubwa una mtu wa kukuambia una miaka elfu moja. Usiandike. Pete zinazohesabiwa ndani ya shina la mbuyu ili kujua umri si za kutegemewa, shina mara nyingi ni mashina kadhaa yaliyoungana, na katikati pana uwazi, hivyo sehemu kongwe inaweza isiwepo kabisa. Watafiti wanaopata umri kwa usahihi hutumia kipimo cha maabara cha kaboni 14 kwenye vipande vya mbao vilivyotolewa ndani ya pango au shinani, na hiyo si kazi ya kamati ya kijiji. Mzingo peke yake hautoi umri: mbuyu ulio karibu na maji hukua upesi, ulio juu ya mwamba wa matumbawe hukawia.

Unachoweza kuandika kwa uhakika ni mzingo, mwezi na mwaka ulipopimwa, na kumbukumbu ya watu. Kumbukumbu ipate nanga kwenye tukio lenye tarehe: Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza, mradi wa karanga wa Nachingwea wa mwaka 1947 hadi 1951, Uhuru 1961, Operesheni Vijiji. Usiulize "mti una miaka mingapi". Uliza, "Uhuru ulipopatikana, mti huu ulikuwa hivi hivi? Nani aliwahi kukwea? Tawi lile lilivunjika lini?" Kisha muulize mtu mwingine asiye wa nyumba ileile. Wakikubaliana bila kusikilizana, andika. Wakitofautiana, andika yote mawili na useme nani kasema lipi, kwa ruhusa yao.

Maeneo ya maumivu nayo yaandikwe bila mapambo. Kilwa Kivinje, mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, Wajerumani waliwanyonga watu waliopinga utawala wao. Njia inayopita mahali pa namna hiyo isimweke mgeni apige picha za kuchekesha. Kazi ya mwongozaji hapo ni kusema kilichotokea, kunyamaza kidogo, na kuendelea.

Kuchora njia

Meta elfu tatu hadi elfu nne zinatosha kwa jua la huku. Fanya hesabu: kilomita 4 kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa ni saa moja na dakika 20, miti tisa kwa dakika saba kila mmoja ni saa moja na dakika tatu. Jumla inakaribia saa mbili na nusu. Mkianza saa 12:30 asubuhi mtamaliza saa 3:00, kabla ya jua kali. Mzunguko ni bora kuliko kwenda na kurudi, na mwanzo uwe penye daladala, maji na choo. Mikindani ina bahati hapa. Iko kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara mjini kwenye barabara ya Lindi, na Boma la Wajerumani la 1895 na mitaa ya mawe viko karibu, kwa hiyo hata mgeni asiyejali miti ana cha kutazama.

Mti mkongwe hauharibiwi na shoka peke yake, miguu nayo inaua. Mizizi mingi inayokula na kunywa imo katika sentimeta 60 za juu za udongo, na inakwenda mbali nje ya kivuli. Watu wakikanyaga sehemu moja kila siku, udongo unashikana, maji hayaingii, hewa haiingii, na mti unaanza kukauka kuanzia juu. Dalili huonekana miaka kadhaa baadaye, na kwa kuwa imechelewa hivyo, hakuna anayekumbuka njia ndiyo chanzo. Kanuni inayotumika Uingereza kwa miti mikongwe ni kuacha duara lenye nusu kipenyo mara 15 ya kipenyo cha shina, au meta 5 nje ya ncha za matawi, chochote kilicho kikubwa. Mkwaju wenye kipenyo cha meta 1.2 unataka meta 18. Mbuyu wa kipenyo cha meta 4 ungetaka meta 60, na mjini hapo pana nyumba za watu tayari. Basi kwa mibuyu ya mjini shikilia meta 5 nje ya matawi, na ulipo ukuta au barabara usiongeze mzigo mwingine.

Kwa vitendo: njia isielekee shinani. Ipite pembeni ya mti, na mahali pa kusimama pawe meta 4 kwa 4, nje ya kivuli, panapoonyesha mti mzima kwa picha. Ukimpa mgeni picha nzuri kutoka mbali, hamu ya kwenda kuegemea shina inapungua sana. Mpaka wa ndani uwekwe kwa mstari wa mawe ya matumbawe au kamba ya katani juu ya vijiti vya sentimeta 60, usitumie seng'enge. Ukitaka kuwaruhusu watu waguse shina, chagua mti mmoja tu wa njia nzima, tandaza majani makavu sentimeta 5 hadi 10 kwenye kijia cha kufika hapo, na uyaache sentimeta 30 mbali na gome.

Upana wa njia ni meta 1.2. Fyeka, usilime, jembe lisiingie ndani ya duara la mizizi. Kwenye mteremko chimba vifereji vya mshazari vya kuyatoa maji kila meta 20 hadi 30. Udongo wa kichanga wa pwani ukipata mvua mbili kubwa za kifuku bila vifereji, njia inageuka korongo. Hivyo usifungue njia kabla hujaiona ikipitia kifuku kizima, Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiangazi kizima. Utajua wapi maji yanatuama, na mibuyu utakuwa umeiona yenye majani na isiyo nayo.

Kagua hatari kabla ya kupitisha watu. Tawi kubwa lililokauka juu ya mahali pa kusimama, ufa mpya, uyoga kwenye kitako, ardhi iliyoinuka upande mmoja wa shina: kimoja kikionekana, mahali pa kusimama pahame, mti usiguswe. Usizibe pango la mti kwa saruji. Unyevu unafungiwa ndani na uozo unakwenda kasi. Mapango ya mibuyu hukaa nyuki na nyoka, kwa hiyo hakuna kuingiza kichwa wala mtoto. Upepo wa kusi ukivuma sana, ahirisha.

Vibao

Hakuna msumari kwenye mti. Nyama ya mbuyu ni laini na yenye maji, msumari unashika kutu na kuozesha. Waya uliofungwa shinani hukaba mti unaponenepa. Kibao kisimame peke yake, kwenye mahali pa kutazamia.

Chaguo la kitu cha kutengenezea ni gumu kuliko linavyoonekana. Mbao huliwa na mchwa. Chuma hushika kutu upesi kwa chumvi ya bahari. Alumini inapendeza, inadumu, na itaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kinachobaki ni zege, na zege ni kazi ambayo fundi yeyote wa mtaani anaiweza.

Kwa miti tisa, funga boksi za mbao za nguzo ya sentimeta 12 kwa 12, urefu meta 1.8, na za kibao cha sentimeta 30 kwa 40, unene 5. Ongeza nguzo fupi 14 za kuelekeza njia, 10 kwa 10, urefu meta moja. Zege liwe ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto ndogo. Mifuko minne ya kilo 50 inatosha na kubaki kidogo. Nondo za milimita 8 zinatakiwa nane za meta 12: kila nguzo ndefu vipande vinne vya meta 1.7, kila fupi vipande viwili vya sentimeta 90. Nondo zikae sentimeta 3 hadi 4 ndani ya zege. Zikikaa karibu na uso, chumvi inazifikia, zinavimba kwa kutu na nguzo inapasuka kwa urefu. Kosa lingine la pwani ni mchanga wa ufukweni, kwa sababu uko karibu na ni bure. Una chumvi, na kutu inaanzia ndani. Nunua mchanga wa mtoni.

Zege likishamiminwa lifunikwe kwa magunia na limwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Fundi atasema siku mbili zinatosha. Hazitoshi, zege linakuwa na unga juu na herufi zinamomonyoka. Herufi zenyewe kata kwenye plaiwudi ya milimita 6, zipake oili chafu, zigandishe chini ya boksi la kibao zikiwa zimegeuzwa, zisomeke kama kwenye kioo. Pitia kila herufi na mtu wa pili kabla ya kumimina; S na N ndizo zinazokosewa. Kimo cha herufi kisipungue sentimeta 2.5, kwa hiyo maneno ni machache: namba, jina la mti, mzingo, mwaka wa kipimo. Kwa mfano:

4. MKWAJU
MZINGO M 3.80
OKTOBA 2025

Mengine yote yawe kwenye karatasi ya kukunja na kinywani mwa mwongozaji. Nguzo ndefu izamishwe sentimeta 50, ikishindiliwa kwa mawe na udongo. Shimo likikutana na mzizi mnene kama kidole gumba, lifukie na usogee.

Kutembeza na kugawana

Anayeongoza watalii kwa malipo anahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, basi ulizeni taratibu kwa afisa utalii kabla ya kutangaza. Vikundi visizidi watu 12 kwa mwongozaji. Mgawanyo unaoweza kuanza nao ni nusu kwa mwongozaji, sehemu moja kati ya tano kwa wenye miti kwa usawa, na inayobaki mfuko wa matengenezo. Wenye miti wagawiwe sawa, bila kuangalia mti upi unapendwa zaidi. Hesabu zibandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi. Pale hesabu zinapofichwa, njia hufa kabla ya miti.

Kalenda ya korosho iheshimiwe. Mashamba yanapopuliziwa salfa, kuanzia Juni hivi, usipitishe watu kandokando yake. Oktoba hadi Desemba ni mavuno na minada, waongozaji wengi wako mashambani, punguza siku. Wanafunzi wa shule za jirani wapite bure, wakati wowote. Na mibuyu ikitoa maua, panga matembezi ya jioni: ua hufunguka jua linapozama, likielekea chini, jeupe, popo wanalijia usiku, na kesho yake limeshanyauka. Beba tochi zenye mwanga mdogo.

Kila Oktoba

Rudi kwenye kila mti na futi, fimbo ya meta 1.3 na daftari lilelile. Piga picha ukisimama pale pale pa mwaka jana, bora kwenye nguzo ya kibao. Kisha pima udongo: chukua kipande cha nondo ya milimita 8 kilichochongwa ncha, kikandamize kwa mkono mahali watu wanapokanyaga, halafu mahali wasipokanyaga umbali wa meta chache. Kikiingia sentimeta 5 wanapokanyaga na 20 wasipokanyaga, funga kijia hicho msimu mmoja, kitandazwe majani, na njia izungushwe. Andika pia majina yaliyochongwa shinani, magome yaliyobanduliwa, na moto uliopita wapi. Mbuyu huotesha gome jipya hata ukibanduliwa, mwembe uliobanduliwa kuzunguka shina hauponi.

Mti ukianguka, usikimbilie kuuondoa. Wenye mti ndio wanaoamua kuhusu kuni na mbao. Mbuyu ulioanguka huoza upesi, na ukiuacha mahali pake kibao kinabaki na maana. Ongeza tu mwezi na mwaka ulioanguka kwa rangi ya mafuta. Namba yake usiihamishie kwa mti mwingine. Mti mpya ukiingia kwenye njia unapata namba inayofuata, hata kama unasimama katikati ya namba mbili na tatu, ili kumbukumbu za miaka iliyopita zisichanganyike.